Makkah Iliyoondoka: Majengo ya Kandokando ya Kaaba Katika Picha na Filamu za Zamani

 

Kila msimu wa hijja unapokaribia, simu zetu hujaa picha za kale za Makkah. Kaaba imesimama katikati ya uwanja wa changarawe, pembeni yake kuna vibanda vyenye nguzo na mapaa, nyuma majumba marefu yenye madirisha ya mbao, na juu ya kilima ngome. Chini ya picha huandikwa mwaka wowote aliopenda msambazaji. Aliyewahi kwenda umra akiitazama huuliza: vile vibanda vilikuwa vya nini? Viko wapi leo? Na waliovibomoa walikuwa na haki ya kufanya hivyo?

Maswali haya yana majibu. Makkah ilipigwa picha mapema kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu kubwa ya waliozipiga walikuwa Waislamu wenyewe, watu waliokuja kuhiji au kuishi pale.

Waliobeba kamera

Wa kwanza anayejulikana ni Muhammad Sadiq Bey, ofisa na mhandisi wa jeshi la Misri. Mwaka 1861 alikwenda Hijaz kwa kazi ya upimaji, akapiga picha za Madina, hizo ndizo picha za kwanza zinazojulikana za mji wa Mtume (s.a.w.). Mwaka 1880 akarudi akiwa mweka hazina wa msafara wa mahmal, yaani lile kuba la nguo lililobebwa na ngamia kutoka Cairo pamoja na zawadi za Haram mbili. Safari hiyo akaipiga Makkah. Picha yake pana ya Haram ilimpatia nishani ya dhahabu katika mkutano wa wanajiografia uliofanyika Venice mwaka 1881.

Jambo moja humkanganya mtazamaji wa picha za zama hizo: mahali pa kutufu mara nyingi huonekana patupu. Kamera za wakati ule zilihitaji kitu kitulie. Aliyekuwa akitembea alitoka kama ukungu, au hakutoka kabisa. Watu walikuwapo wakitufu, ila kioo cha picha hakikuweza kuwashika.

Miaka michache baadaye akatokea mpiga picha mwenyeji wa Makkah, tabibu aliyeitwa al-Sayyid Abd al-Ghaffar. Kisa chake kinahitaji kusimuliwa kwa sababu jina lake lilikaribia kupotea. Mwaka 1885 mwanachuoni wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, aliishi Makkah kwa miezi kadhaa akijitambulisha kuwa Muislamu, kisha akafukuzwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Alikuwa na kamera, na alishirikiana na yule tabibu. Alipokuwa amekwisharudi Uholanzi, picha za tabibu ziliendelea kumfikia, naye akazichapisha katika vitabu vya mwaka 1888 na 1889. Jina la Abd al-Ghaffar, ambalo tabibu alikuwa ameliandika kwa Kiarabu juu ya picha zake, lilifutwa kwenye nakala zilizochapishwa. Watafiti wa baadaye ndio waliolirudisha. Snouck mwenyewe aliishia kuwa mshauri wa serikali ya kikoloni ya Uholanzi katika vita vya Aceh dhidi ya Waislamu wa Sumatra, basi msomaji ajue mikono iliyopitisha picha hizi. Hata hivyo picha zenyewe ni hazina. Na kwetu sisi watu wa pwani zina ziada: miongoni mwa picha za makundi ya mahujaji zilizochapishwa imo ya mahujaji kutoka Zanzibar.

Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja Ibrahim Rifat Pasha, ofisa wa Misri aliyekwenda na msafara wa mahmal mwaka 1901 kisha akauongoza mwaka 1903, 1904 na 1908. Kitabu chake, Mir’at al-Haramayn, kilichapishwa Cairo mwaka 1925 kikiwa na mamia ya picha na vipimo vya kila kitu: milango, nguzo, visima, makaburi. Anayetaka kujua Haram ilikuwaje kabla ya karne hii ya mabadiliko, huyu ndiye shahidi bora, kwa sababu alipiga picha na kuandika urefu na upana papo hapo. Kutoka India alikuja mpiga picha H. A. Mirza, karibu mwaka 1907, na picha zake za Makkah na Madina ziliuzwa kwa mahujaji.

Kuhusu filamu, iliyo maarufu zaidi kati ya zile za mwanzo ni Het Groote Mekka-Feest ya mwaka 1928, filamu bubu iliyotengenezwa na George Krugers, mzaliwa wa visiwa vya Indonesia vilipokuwa chini ya Wadachi. Inafuata mahujaji wa Kijava kutoka kwao, baharini, hadi Jeddah na Makkah. Faida ya filamu ni kwamba kile ambacho picha ilikigeuza ukungu, humu kinatembea: ngamia wenye shughduf, yaani vile vibebeo vya pande mbili, wapagazi, vumbi, na mitaa iliyojaa vilemba vya kila nchi.

Vibanda vinne ndani ya Haram

Tuanze na kile kinachowashangaza watu zaidi. Katika picha zote za Haram kabla ya katikati ya karne ya 20 utaona majengo madogo yaliyozunguka mahali pa kutufu. Matatu yalikuwa ya maimamu wa madhehebu: la Kihanafi upande wa kaskazini, likiwa kubwa kuliko mengine na la ghorofa, la Kimaliki upande wa magharibi, na la Kihanbali upande wa Hajar al-Aswad. Imamu wa Kishafi alisimama nyuma ya Maqam Ibrahim. Yaani babu zetu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija, waliokuwa Mashafi, walipofika Haram walijua pa kupanga safu zao: nyuma ya Maqam, pamoja na imamu wao.

Utaratibu huu ulikuwa wa kale. Msafiri wa Andalusia Ibn Jubayr, aliyehiji mwaka 1184, aliukuta na kuueleza. Alitaja kwamba sala nyingine zilipangwa kwa zamu, lakini Magharibi maimamu walisali kwa wakati mmoja kwa sababu ya ufinyu wa muda wake, ikawa takbira zinaingiliana, huyu anarukuu kwa takbira ya imamu wa yule. Wanachuoni wa zama mbalimbali waliukosoa, wengine wakaunyamazia. Baada ya Mfalme Abdulaziz Ibn Saud kuichukua Makkah mwaka 1924, sala ikaunganishwa chini ya imamu mmoja. Majengo yenyewe hayakuondoka siku ile ile. Yalibaki bila kazi yake ya awali hadi upanuzi wa Haram ulioanza mwaka 1955.

Hapa picha zinatufundisha kitu ambacho vitabu vya fiqhi peke yake havituonyeshi. Kijana wa leo akiambiwa kwamba Waislamu waliwahi kusali jamaa nne mbele ya Kaaba moja hasadiki, au hudhani ni uzushi wa wenye kuwachukia wanachuoni. Akiiona picha, mjadala wa kama ilitokea unakwisha, unabaki mjadala wa kama ilifaa. Kwa maoni yetu kuunganishwa kwa sala ile ni miongoni mwa mambo mema yaliyotokea Makkah katika karne ya 20, na mwenye kuitazama picha ya Haram ya zamani kwa hamu asisahau hilo.

Jengo la nne lililoonekana karibu na Kaaba lilikuwa la Zamzam. Kisima kilifunikwa kwa jengo la ghorofa, na juu yake alisimama mkuu wa waadhini. Akianza yeye, wenziwe wa minarani wakamfuata. Mahujaji walichotewa maji kwa ndoo. Jengo liliondolewa katika miaka ya 1960, mdomo wa kisima ukashushwa chini ya sakafu, na watu wakawa wanateremka ngazi. Wazee wengi waliohiji miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka ngazi hizo. Nazo zimefungwa tangu mwaka 2003, na sasa anayetufu hupita juu ya kisima bila ya kujua.

Maqam Ibrahim nayo ilikuwa ndani ya jengo lenye paa na vyuma, lililokula nafasi kubwa ya kutufu. Mwaka 1967 likaondolewa na jiwe likawekwa ndani ya kioo, kama lilivyo leo. Karibu nalo palikuwa na tao lililosimama peke yake bila ya ukuta, likiitwa Bab Bani Shaybah. Nalo limeondoka.

Safa na Marwa ilipokuwa barabara ya soko

Hili ndilo pengine geni kuliko yote kwa macho ya leo. Mahali pa sa‘i palikuwa nje ya msikiti. Kati ya vilima viwili palipita mtaa wenye maduka pande zote, na kati ya mtaa huo na Haram palisimama majumba. Mwenye kufanya sa‘i alikimbia baina ya wauza nguo, wanyozi, wauza chakula na punda waliobeba mizigo. Picha zinaonyesha mwenye ihramu anapishana na mwenye kupanga bei.

Upanuzi wa kuanzia 1955 uliyaondoa maduka na majumba hayo, ukaijenga njia ya sa‘i kwa ghorofa mbili na kuiunganisha na msikiti. Aliyewahi kumsukuma mzazi wake kwenye kiti cha magurudumu kati ya Safa na Marwa hatalililia soko lile.

Nguzo, kuba, ngome

Haram inayoonekana katika picha za karne ya 19 ni ile iliyojengwa upya na Waturuki wa Dola ya Uthmaniyya katika miaka ya 1570, zama za Sultan Selim II na mwanawe Murad III. Mapaa bapa ya mbao yaliondolewa yakawekwa makuba madogo mengi juu ya kumbi za nguzo, na minara ilikuwa saba. Upanuzi wa kwanza wa Saudia uliizunguka Haram hiyo kwa jengo kubwa jipya, ukaikuza kutoka takriban mita za mraba 28,000 hadi zaidi ya 150,000. Minara ya zamani ilivunjwa. Sehemu ya kumbi za Kituruki ilibakishwa kwa ndani, na ndiyo iliyokuwa mbele ya macho ya kila aliyehiji hadi karibuni. Katika upanuzi wa mahali pa kutufu ulioanza mwaka 2012 nguzo hizo zilifunguliwa, zikakarabatiwa, na nyingi zikarudishwa nyuma kidogo ya zilipokuwa.

Kaaba yenyewe ni jambo jingine. Jengo la mawe tunaloliona katika picha ya Sadiq Bey ndilo lile lile la leo: lilijengwa upya mwaka 1630, zama za Murad IV, baada ya mafuriko kuziangusha kuta zake, na limekarabatiwa kwa kina mwaka 1996. Mafuriko yalikuwa maadui wa Makkah kwa karne zote kwa kuwa Haram iko bondeni. Picha inayomwonyesha kijana akiogelea kando ya Kaaba ni ya kweli, ni ya mafuriko ya mwaka 1941, na kijana yule alikuwa mwanafunzi kutoka Bahrain.

Na ngome? Ile iliyo juu ya kilima upande wa kusini katika takriban kila picha pana ya Haram ni Ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki karibu mwaka 1780 kuilinda Haram. Ilibomolewa Januari 2002, na kilima chake kikasawazishwa. Uturuki ililalamika hadharani; Saudia ikajibu kwamba ni jambo la ndani ya nchi yake. Mahali pale pamesimama sasa majengo ya Abraj al-Bait yenye mnara wa saa wa mita 601, uliokamilika mwaka 2012.

Kwa hiyo yeyote anayeona saa ile kubwa kutoka mahali pa kutufu anatazama mahali ilipokuwa ngome.

Mji wenye roshani

Kiswahili kimehifadhi neno ambalo Makkah yenyewe imekaribia kulipoteza kwa macho. Tunasema roshani. Watu wa Hijaz walisema rawshan, na wingi wake rawashin: yale madirisha makubwa ya mbao yaliyochongwa, yaliyotokeza nje ya ukuta, yakaingiza upepo na kuwasitiri wanawake wa nyumbani. Picha za Abd al-Ghaffar na za Mirza zinaonyesha nyumba za ghorofa nne na tano zimebanana kuizunguka Haram, kila moja na roshani zake. Mkaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja au wa Mombasa akizitazama ataona kitu cha jamaa yake.

Nyumba hizi ndizo zilizowapokea mahujaji. Hapakuwa na hoteli kwa maana ya leo. Wenyeji walikodisha vyumba na madari msimu wa hijja, na mutawwif alipokea watu wa nchi fulani mwaka hadi mwaka, mtoto akirithi kazi ya baba. Mitaa ya Shamiyya upande wa kaskazini iliondolewa kuanzia mwaka 2008 kwa ajili ya upanuzi wa Mfalme Abdullah. Sehemu kubwa ya kandokando nyingine imekuwa hoteli.

Makaburi ya Ma‘la

Picha za Ibrahim Rifat Pasha na za Mirza zinaonyesha pia makuba juu ya makaburi ya al-Ma‘la, likiwamo la Mama wa Waumini Khadija (r.a.). Makuba hayo yalibomolewa katika miaka ya 1920, sawa na yale ya Baqi‘ huko Madina. Hii ndiyo sehemu ambayo picha husambazwa kwa ghadhabu, kila upande ukitaka kuushinda mwingine.

Waliomo katika madhehebu ya Shafi wakumbuke alichoandika Imam al-Shafi‘i katika al-Umm: kwamba aliwaona watawala wa Makkah wakibomoa kilichojengwa makaburini, na hakuwaona mafaqihi wakilikemea hilo. Hiyo ni karne ya pili ya Hijra, muda mrefu kabla ya yeyote anayelaumiwa leo kuzaliwa. Imam al-Nawawi naye ameeleza kwamba kujenga katika makaburi ya watu wote hakuruhusiwi na kilichojengwa hubomolewa. Basi suala hili lisifanywe kuwa la kundi moja. Kilichokuwa kibaya ni pale ubomoaji ulipofanywa kwa ukali na kuumiza nyoyo za Waislamu, na hilo wanachuoni wengi wa wakati ule walilisema.

Kubomoa, kupiga picha, kukumbuka

Katika asili, kuondoa jengo ili kupanua Haram kunajuzu, na dalili yake iko mapema sana. Sayyidna ‘Umar (r.a.) alizinunua nyumba zilizoizunguka Kaaba mwaka wa 17 Hijriyya akazibomoa, waliokataa kuuza aliwawekea thamani ya nyumba zao mpaka wakaichukua, akiwaambia kwa maana kwamba wao ndio walioishukia Kaaba, si Kaaba iliyowashukia wao. Sayyidna ‘Uthman (r.a.) akafanya mfano wake. Mahujaji waliotoka nje ya Hijaz mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa takriban laki moja; mwaka 2012 jumla ya waliohiji ilizidi milioni 3. Haram ya Sultan Selim isingewatosha.

Lakini ipo dalili ya upande wa pili, nayo husahauliwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Mama ‘Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitamani kuijenga Kaaba upya juu ya misingi ya Ibrahim (a.s.), akajizuia kwa sababu watu walikuwa karibu na ujahili na nyoyo zao zingechukia. ‘Abdullah bin Zubayr akaijenga hivyo, al-Hajjaj akairudisha. Khalifa mmoja wa Bani ‘Abbas alipotaka kuibomoa tena ili aifuate kauli ya Ibn Zubayr, Imam Malik alimsihi aiache, asije kila mtawala akaifanya Nyumba ya Allah kitu cha kuchezea na haiba yake ikaondoka nyoyoni. Hapa jengo lililokuwa na kasoro liliachwa kwa sababu ya nyoyo za watu. Mwenye kubomoa, hata akiwa na haki, ana wajibu wa kuzitazama nyoyo.

Kwa mizani hiyo tunaona tofauti kati ya kuondoa soko la sa‘i na kuondoa ngome kwa ajili ya hoteli. La kwanza ni haja ya ibada. La pili, ingawa majengo yale yamewekwa kuwa waqfu wa Haram, faida yake kubwa ameiona mwenye uwezo wa kulipia chumba kinachotazama Kaaba. Si haramu kulisema hilo.

Ama hofu ya shirki, ndiyo hoja inayotajwa dhidi ya kuhifadhi nyumba na mahali pa kihistoria. Si hofu ya kupuuzwa. Maswahaba waliokula kiapo chini ya mti wa Hudaybiya walirudi mwaka uliofuata wasiujue mti ni upi, na Sa‘id bin al-Musayyib amelipokea hilo kutoka kwa baba yake. Kwa upande mwingine Ibn ‘Umar (r.a.) alikuwa akizifuatilia sehemu alizosali Mtume (s.a.w.), na ‘Itban bin Malik (r.a.) alimwomba Mtume asali nyumbani kwake ili apafanye mahali pa kusalia, naye akamkubalia. Wanachuoni wamekhitalifiana juu ya mahali. Lakini picha iliyo katika maktaba haitufiwi wala haiombwi. Kuandika na kupiga picha kabla ya kubomoa hakuna anayeweza kukukataza kwa hoja ya shirki, na pale kulipofanyika kumesaidia: mahali pa nyumba ya Bibi Khadija palipofukuliwa mwaka 1989 wakati wa upanuzi, palipimwa na kupigwa picha kabla ya kufukiwa tena. Bila ya picha zile tungebaki na “inasemekana”.

Kuhusu hukumu ya picha zenyewe: picha ya jengo, mlima au mti haina tatizo, kwani Ibn ‘Abbas (r.a.) alimruhusu mchoraji achore kisicho na roho. Zenye watu ndizo zilizokhitalifiwa. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti‘i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, Sheikh Ibn Baz aliizuia isipokuwa kwa dharura na haja. Kuhifadhi historia ya Haram, kwa tuonavyo, kunaingia katika haja.

Namna ya kuipima picha iliyokufikia

Usisambaze kabla ya kutazama. Picha yenye mahmal ya Misri na askari wake ni ya 1926 au kabla, kwani mwaka huo ulitokea mzozo Mina na msafara haukuendelea kwa sura ile. Ukiona vibanda vya maimamu, ni kabla ya upanuzi ulioanza 1955. Maqam ikiwa ndani ya kioo, ni 1967 au baadaye. Mlango wa dhahabu wa Kaaba ulioko sasa uliwekwa mwaka 1979. Ngome ikionekana, ni kabla ya 2002. Wenye kusema “Makkah ya miaka mia mbili iliyopita” chini ya picha wajibiwe kwa upole kwamba miaka mia mbili iliyopita kamera haikuwa imefika popote Hijaz.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya Madina. Hakuna picha ya kaburi la Mtume (s.a.w.) lenyewe, kwa sababu chumba chake kimezungukwa na kuta zisizo na mlango kwa karne nyingi kabla ya kamera kuvumbuliwa. Moja ya picha zinazosambazwa kwa jina hilo, yenye kaburi lililofunikwa nguo na kilemba juu yake, ni ya Jalal al-Din Rumi huko Konya, Uturuki. Kumnasibishia Mtume kisichokuwa chake ni jambo zito hata likifanywa kwa mapenzi.

Vitu vyenyewe vilivyosalimika, si picha tu, vinaweza kuonwa na mwenye kwenda hijja au umra katika maonyesho ya ujenzi wa Haram mbili yaliyoko Umm al-Jud, Makkah: mlango wa zamani wa Kaaba, mdomo wa kisima cha Zamzam, kifuniko cha zamani cha Maqam, vipande vya nguzo. Mwambie kiongozi wa kundi lenu akupangieni nusu siku. Wengi huipoteza madukani. Picha za Leiden na za maktaba nyingine zimewekwa kwenye intaneti na hutazamwa bure.

Na zitazameni za nyumbani. Kati ya mwaka 2013 na 2016 kulikuwa na daraja la muda la duara kuizunguka Kaaba, likitumiwa na wenye viti vya magurudumu. Limekwishaondoka, na waliolipiga picha kwa simu zao wana kumbukumbu ambayo mtoto aliyezaliwa mwaka huu hataiona kwa macho. Vivyo hivyo zile picha za Haram zilizoletwa na wazee waliohiji kwa meli, zikatundikwa sebuleni mpaka zikapauka. Itoeni kwenye fremu, andikeni nyuma yake kwa penseli jina la aliyekwenda na mwaka aliohiji, kisha ipigeni nakala ikiwa bado inasomeka.

Wa Allahu A‘lam.